Kidonge cha Thairoksini na Mchochota wa Tezi ya Shingo

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Tunduma kwa barabara kuu hupita Mpemba kabla hajaufikia mpaka wa Zambia. Hapo ndipo inapochepuka njia ya Isongole, wilayani Ileje. Ni nchi ya nyanda za juu, nchi ya mahindi na maharage na, kwa upande wa Mbozi, kahawa. Asubuhi za Juni na Julai baridi yake humfanya mgeni wa pwani atafute koti. Lakini kwa mtu anayejifunza habari za tezi ya shingo, jambo la kutazamwa kwanza ni kwamba Mpemba iko mbali sana na bahari, na kwamba mvua za maelfu ya miaka zimeiosha iodini kutoka katika udongo wa vilima vyake.

Shangazi yangu aliolewa Mpemba na huko ndiko alikozeekea. Alipokuwa na umri upatao miaka 45 shingo yake ilianza kuvimba. Majirani hawakuhitaji daktari wa kuwaeleza: hilo ni rovu, walisema, na rovu hutokana na upungufu wa madini joto, basi aongeze chumvi. Akaongeza chumvi mwaka mzima. Katika mwaka huo alizidi kuwa mzito wa mwili na wa fikra. Sauti ikawa nene, ngozi ikakauka, nywele zikapukutika, na hata katika jua la Oktoba alijifunika kitenge mabegani kwa baridi. Alipopimwa hatimaye, ilionekana kwamba damu yake ilikuwa na kingamwili nyingi zinazoishambulia tezi yake mwenyewe. Tatizo lake halikuwa iodini. Alipewa vidonge vya thairoksini, na baada ya miezi minne alikuwa shambani akipalilia kama zamani. Kwa kuwa amepona, aliviacha. Kabla ya mwaka kwisha alirudi pale pale alipokuwa.

Nilipokwenda kumjulia hali aliniuliza swali moja. "Baba," alisema (ndivyo anavyoniita, maana nimerithi jina la baba yake), "kama dawa hii inaponya, kwa nini niimeze mpaka nife? Na kama haiponyi, kwa nini niimeze?"

Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na shahada yangu ya uzamivu, na siku ile sikuwa na jibu ambalo mkulima wa Mpemba angeweza kulitumia. Makala haya ni jibu hilo, lililochelewa. Nimeyaandika kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa sekondari, kwa sababu ndani yake zimo biolojia, kemia na hesabu kidogo ambazo zote zimo katika masomo yao.

Kazi ya tezi

Tezi ya thairoidi hukaa mbele ya koo, chini ya kikoromeo, ikiwa na pande mbili zilizounganishwa katikati mfano wa kipepeo. Kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 15 hadi 20 hivi. Ukiitazama kwa hadubini utaona vifuko vingi vya mviringo. Ukuta wa kila kifuko ni safu moja ya seli, na ndani yake umejaa ute mzito wa protini iitwayo thairoglobulini.

Seli hizo zina ustadi wa pekee: huinasa iodini iliyo katika damu na kuikusanya. Kisha kimeng'enya kiitwacho peroksidesi ya thairoidi, ambacho kwa kifupi huandikwa TPO, huibandika iodini hiyo juu ya thairoglobulini. Msomaji alikumbuke jina hilo, kwani litarudi. Kutokana na kazi hiyo hupatikana homoni mbili: thairoksini, yenye atomi nne za iodini, nayo huitwa T4, na nyingine yenye atomi tatu, iitwayo T3. Tezi hutoa T4 kwa wingi na T3 kwa uchache. Huko mwilini, hasa katika ini, figo na misuli, T4 huondolewa atomi moja ya iodini na kuwa T3, na T3 ndiyo ifanyayo kazi ndani ya seli: kuongeza joto la mwili, kuharakisha mapigo ya moyo, kukuza mifupa na, kwa mtoto aliye tumboni, kujenga ubongo.

Hebu mwanafunzi apige hesabu. Uzito wa molekuli ya thairoksini ni 777, na uzito wa atomi ya iodini ni 127. Atomi nne ni 508. Kwa hiyo karibu asilimia 65 ya uzito wa homoni hii ni iodini tupu. Hakuna kiungo kingine mwilini kinachoitegemea elementi moja adimu kwa kiasi hicho.

Juu ya tezi hii yuko mnyapara. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo ya pituitari, ambayo huipima homoni iliyo katika damu saa zote. Ikiona imepungua, hutoa homoni yake ya kuichochea thairoidi, TSH. Ikiona imezidi, hunyamaza. Kwa hiyo TSH iliyo juu ni sauti ya mnyapara anayefokea kazi isiyofanyika. Ndiyo maana daktari hupima TSH kwanza: hubadilika mapema, na kwa kiasi kikubwa, kuliko T4 yenyewe.

Rovu la nyanda za juu

Majirani wa shangazi hawakuwa wajinga. Walikuwa wakikumbuka jambo la kweli. Iodini ikikosekana tezi haiwezi kutengeneza homoni, TSH hupanda, na tezi, kwa kuchochewa bila kukoma, hukua. Hilo ndilo rovu. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa sehemu za Tanzania zilizoathirika zaidi, na si kwa kukosa chumvi. Huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe, wanaakiolojia waliochimba katika miaka ya 1960 walikuta mabaki ya utengenezaji wa chumvi wa karne ya 13 hadi ya 15. Watu wa nchi hii wamekula chumvi yao wenyewe kwa mamia ya miaka. Ila chumvi ya asili, hata ile ya baharini, ina iodini kidogo mno. Walio wengi hawalijui jambo hilo: samaki wa baharini na mwani ndio wenye iodini, chumvi huwa nayo pale tu inapotiwa kiwandani.

Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ililishughulikia tatizo hili kwa juhudi kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha, kwa kupima TSH katika matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi, kwamba sindano za mafuta yenye iodini ziliwasaidia watu wa kusini mwa Tanzania waliokuwa na upungufu wa homoni. Kati ya mwaka 1986 na 1994 vidonge vya mafuta ya iodini viligawiwa katika wilaya 27, na zaidi ya watu milioni 5 walimeza angalau kimoja. Kisha ukaja utiaji wa iodini katika chumvi ya nchi nzima. Katika wilaya 16 zilizokuwa na hali mbaya, watoto wa shule wenye rovu walikuwa karibu asilimia 61 katika miaka ya 1980. Mwaka 1999 walikuwa karibu asilimia 12. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2004 ulikuta asilimia 6.9, na kiwango cha kati cha iodini katika mkojo wa watoto kilikuwa mikrogramu 204 kwa lita. Shirika la Afya Duniani huhesabu 100 hadi 199 kuwa kiwango cha kutosha. Maana yake ni kwamba, kwa wastani wa nchi, tulikwisha kuvuka mstari wa kutosha kwa hatua ndogo.

Sisemi haya kwa kulalamika. Mtoto anayezaliwa na mama asiye na iodini ya kutosha anaweza kupoteza akili ambayo hakuna dawa itakayomrudishia, na kwa hilo chumvi yenye madini joto ni mojawapo ya kazi bora za afya zilizopata kufanywa katika nchi hii. Lakini nchi inapotoka katika uhaba kwenda katika utoshelevu, sura ya ugonjwa nayo hubadilika. Zimbabwe katika miaka ya 1990, na Kivu, mashariki mwa Kongo, mnamo 1996, ziliripoti watu waliopata homoni kupita kiasi baada ya iodini kuletwa: tezi zao zilizokuwa na vinundu vya miaka mingi zilishindwa kujizuia zilipoipata malighafi kwa ghafla. Na huko China, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, watafiti waliwafuatilia watu wa sehemu tatu kwa miaka mitano. Mahali penye upungufu mdogo wa iodini, waliopata ugonjwa wa tezi unaotokana na mwili kujishambulia walikuwa asilimia 0.2, penye iodini zaidi ya kutosha, asilimia 1.0; penye iodini ya kupita kiasi, asilimia 1.3. Ni tofauti ndogo, nayo haitoshi hata kidogo kuwa hoja ya kuiacha chumvi yenye iodini. Inatosha kutuonyesha kwamba si kila shingo iliyovimba inadai chumvi zaidi, na kwamba katika nchi zenye iodini ya kutosha sababu ya kwanza ya tezi kuishiwa nguvu ni ile iliyompata shangazi.

Mwili unapojishambulia

Mwaka 1912 daktari kijana wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, alichapisha katika jarida la Kijerumani maelezo ya tezi za wanawake wanne waliofanyiwa upasuaji. Tezi zilikuwa zimejaa chembe nyeupe za damu aina ya limfosaiti, kana kwamba pamekuwa na vita, lakini hapakuwa na kijidudu chochote. Hashimoto hakuendelea na utafiti huo. Alirudi kwao kuwa daktari wa mji mdogo, na mwaka 1934 akafa kwa homa ya matumbo. Ugonjwa wenye jina lake ulibaki fumbo kwa zaidi ya miaka 40.

Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1956 katika sehemu mbili. Huko Marekani, Noel Rose na Ernest Witebsky walimdunga sungura thairoglobulini iliyotoka katika tezi ya sungura, na tezi yake ikashambuliwa. Wakati huo wataalamu walikuwa wakiamini kwamba mwili hauwezi kamwe kujitengenezea silaha dhidi ya nyama yake. Huko London, Deborah Doniach alikuwa ametambua jambo dogo: wagonjwa wa Hashimoto walikuwa na protini za kinga kwa wingi katika damu, na wakishatolewa tezi, protini hizo hupungua. Kwa nini? Yeye na Ivan Roitt na wenzao waliichanganya damu ya wagonjwa na maji ya tezi ya binadamu, na utando mweupe ukaonekana mahali vilipokutana. Damu ilikuwa na kingamwili dhidi ya thairoglobulini. Mwanafunzi na aone jinsi ugunduzi mkubwa ulivyozaliwa na mtu aliyejiuliza kwa nini tarakimu fulani inashuka.

Leo twajua zaidi. Katika ugonjwa huu limfosaiti huingia katika tezi na kukaa humo. Hutoa kemikali za kupelekeana habari, saitokini, ambazo huwaita wenzao. Damu huongezeka mahali hapo, maji huvuja kati ya seli, na tishu huvimba. Hali hiyo ndiyo tuiitayo mchochota. Mtu akichomwa na mwiba, mchochota ni rafiki: huja, huondoa uchafu, huondoka. Katika tezi ya mgonjwa wa Hashimoto hauondoki, kwa kuwa kitu kinachowindwa ni sehemu ya mwili wenyewe. Windo kubwa ni kile kimeng'enya cha TPO, na kingamwili dhidi yake ndizo zinazopimwa hospitali. Kidogo kidogo vifuko huharibiwa na makovu hushika nafasi yake. Wanawake huugua mara nyingi kuliko wanaume, na mara nyingi ugonjwa huandama ukoo.

Hapa iodini inarudi tena. Thairoglobulini iliyobandikwa iodini nyingi huonekana na kinga kwa urahisi zaidi kuliko ile yenye iodini kidogo. Basi chumvi aliyokuwa akiongeza shangazi huenda ilikuwa ikiwaongezea askari shabaha. Siwezi kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa kwake. Najua tu kwamba haikumsaidia chochote, maana kiwanda kikibomoka, kukirundikia malighafi mlangoni hakuzalishi bidhaa.

Kuziba pengo

Mwaka 1891 George Murray, daktari wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mwanamke wa miaka 46 maji yaliyokamuliwa kutoka katika tezi za kondoo. Mwanamke huyo, aliyekuwa amekaribia kufa kwa upungufu wa homoni, aliishi miaka 28 zaidi, naye katika muda huo alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Siku ya Krismasi ya mwaka 1914 Edward Kendall, huko Marekani, alipata fuwele safi za homoni yenyewe. Mwaka 1926 Charles Harington alieleza umbo lake, na mwaka uliofuata yeye na George Barger wakaitengeneza katika maabara. Vidonge vya leo, levothairoksini, ni molekuli ile ile itolewayo na tezi. Vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa mtu mzima ambaye tezi yake imekufa kabisa, kiasi kinachohitajika ni karibu mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 huhitaji mikrogramu 96, ambayo daktari huifanya 100. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanzishwa kwa kiasi kidogo zaidi, kama 25, ili moyo usishtuke.

Nusumaisha ya thairoksini katika damu, yaani muda ambao nusu yake hutoweka, ni siku 7 hivi. Tokeo lake ni la kufundishia darasani. Mtu akianza kumeza kiasi kile kile kila siku, mwisho wa wiki ya kwanza damu yake imefikia nusu ya kiwango cha mwisho. Wiki ya pili, robo tatu. Ya tatu, saba ya nane. Na kuendelea hivyo hata wiki ya sita, 63 ya 64, yaani zaidi ya asilimia 98. Ndiyo sababu TSH hupimwa tena baada ya wiki sita na si baada ya wiki moja. Ndiyo sababu pia aliyesahau kidonge siku moja haoni tofauti, na aliyeacha kabisa hujisikia mzima kwa wiki mbili tatu na kudhani kwamba alikuwa hakihitaji. Shangazi alidanganywa na hesabu hii.

Lipo jambo moja linalohusu hasa nchi ya kahawa. Thairoksini hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu. Kahawa, vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, na vidonge vya kalisi, vyote huzuia sehemu ya dawa isifyonzwe. Kidonge humezwa kwa maji asubuhi, na chai au kahawa hungoja nusu saa hadi saa nzima. Chuma na kalisi hungoja saa nne. Nimepata kumwona mgonjwa aliyeongezewa dawa mara mbili bila nafuu, kumbe alikuwa akiishushia kwa kikombe cha kahawa kila alfajiri. Kidonge kiwekwe pia mahali pakavu, mbali na jua na moshi wa jikoni.

Je, kidonge huuzima mchochota?

Sasa twaweza kulijibu swali la shangazi. Kidonge huleta kile ambacho tezi imeshindwa kukileta. Hakiwaondoi limfosaiti waliomo ndani ya tezi, wala hakiwafundishi kumtambua mwenye nyumba. Ndiyo maana humezwa maisha yote: si kwamba dawa ni dhaifu, bali kiwanda kilichobomolewa hakijengeki tena.

Hata hivyo kusema kwamba kidonge hakina lolote juu ya mchochota kungekuwa kupita mpaka. TSH inapokuwa juu, seli za tezi hufanyishwa kazi kwa nguvu, na seli inayofanya kazi kwa nguvu huionyesha TPO na thairoglobulini kwa wingi. Homoni ikirudishwa, mnyapara hunyamaza, tezi hupumzika, na shabaha hupungua. Wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa wakitumia levothairoksini wameonekana, wengi wao, kupungukiwa na kingamwili dhidi ya TPO polepole; wachache tu ndio ambao kingamwili hizo hutoweka. Uvimbe wa shingo nao kwa baadhi yao hunywea. Maoni yangu ni kwamba nafuu hii ipo lakini ni ya pembeni. Asiahidiwe mgonjwa kwamba ndiyo sababu ya kumeza dawa.

Kuna kundi dogo, asilimia 5 hadi 10 ya wanaotumia dawa hii, ambao TSH yao imekuwa nzuri na bado wanalalamika uchovu. Kwa miaka mingi waliambiwa ni mawazo tu. Mwaka 2019 madaktari wa Norway walichapisha jaribio lililowahusu wagonjwa 150 wa namna hiyo, wenye kingamwili nyingi mno. Baadhi walitolewa tezi yote na kupewa homoni. Wengine waliendelea na homoni peke yake. Baada ya miezi 18, katika kundi lililopasuliwa wenye uchovu wa kudumu walikuwa wameshuka kutoka asilimia 82 hadi 35, na kingamwili zao zilianguka. Kundi la pili lilibaki karibu na lilipokuwa. Wote wawili walikuwa na homoni ya kutosha. Yaelekea, basi, kwamba mchochota wenyewe una uzito wake juu ya mgonjwa, mbali na upungufu wa homoni. Sishauri mtu yeyote akimbilie kisu: upasuaji huo ulileta madhara kwa baadhi yao, kwani karibu na tezi hupita mishipa ya fahamu ya sauti na vipo vitezi vinavyotawala kalisi ya mwili. Tena uchovu una sababu nyingi, na upungufu wa damu huchunguzwa kwanza.

Mwanafunzi makini atauliza: kwa nini basi wasipewe dawa kali za kuzima mchochota, zile za jamii ya kotisoni? Huuzima kweli kwa muda, zikiachwa, hurudi, na zikitumiwa miaka mingi hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na kufungulia kifua kikuu mlango. Homoni ya kidonge kimoja kwa siku, ikipimwa vizuri, haina madhara hayo. Uzani wake uko wazi.

Uhusiano huu una upande wa pili pia. Mchochota wa ugonjwa mwingine kabisa, malaria kali au nimonia kwa mfano, huzuia T4 kugeuzwa kuwa T3. Mgonjwa mahututi anaweza kuonekana ana upungufu wa homoni na kumbe tezi yake ni nzima. Kumpima tezi mtu aliye katika homa kali, isipokuwa kwa sababu maalumu, ni kujitafutia mkanganyiko.

Neno moja juu ya seleni, kwa kuwa siku hizi huuzwa kama dawa ya tezi. Ni kweli kwamba vimeng'enya vinavyoigeuza T4 kuwa T3 vina seleni ndani yake. Lakini kaskazini mwa Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire, watafiti waliwapa seleni watu waliokosa seleni na iodini kwa pamoja, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba homoni ya wale ambao tezi zao zilikuwa dhaifu ilizidi kushuka: vimeng'enya vilipata nguvu ya kuitumia T4 haraka kuliko tezi ilivyoweza kuitengeneza. Kurekebisha upungufu mmoja na kuuacha mwingine kulileta hasara.

Kwa mwanamke mwenye umri wa kuzaa jambo hili halina muda wa kungoja. Mtoto hutegemea thairoksini ya mama katika miezi ya kwanza, kabla tezi yake haijaanza kazi, na mahitaji ya mama hupanda kwa robo au zaidi. Anayetumia kidonge hiki akishika mimba aende kupimwa mara moja ili kiongezwe, asikiache kwa kuogopa kumdhuru mtoto. Iodini nayo huhitajiwa zaidi: mikrogramu 250 kwa siku badala ya 150.

Shangazi sasa humeza kidonge chake alfajiri, kabla ya kuwasha moto, na chumvi yake ni ile ile ya dukani kwa kiasi cha watu wote. Jibu langu alilisikiliza hadi mwisho. "Kumbe si dawa," alisema, "ni chakula ambacho shingo yangu imeacha kunipikia." Sijapata maelezo bora katika vitabu.

Jaribio la darasani

Mwalimu awaagize wanafunzi walete chumvi za nyumbani. Chumvi yetu hutiwa iodini kwa umbo la ayodeti ya potasiamu. Yeyusha vijiko viwili vya chai vya chumvi katika maji kidogo. Ongeza maji ya wanga uliochemshwa, matone machache ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, na chembe kidogo za iodidi ya potasiamu. Ayodeti na iodidi, penye asidi, hutoa iodini huru:

IO₃⁻ + 5I⁻ + 6H⁺ → 3I₂ + 3H₂O

Iodini huufanya wanga kuwa wa buluu. Lazima pawepo bomba la pili lenye kloridi safi ya sodiamu kutoka kabati la maabara: nalo likigeuka buluu, ujue iodidi yenu imechakaa na jaribio halina maana. Asidi ishikwe na mwalimu, na chumvi iliyopimwa isirudi jikoni.

Maswali

1. Kidonge cha mikrogramu 100 za thairoksini kina mikrogramu ngapi za iodini? Je, iodini hiyo yaweza kumsaidia mtu ambaye tezi yake imeharibika? Eleza.

2. Katika mlinganyo hapo juu, ni sehemu gani ya iodini huru inayotoka kwenye chumvi, na ni sehemu gani inayotoka kwenye iodidi iliyoongezwa?

3. Mgonjwa aliyekuwa na kiwango kamili cha T4, ambaye tezi yake haitoi kitu, ameacha dawa kwa siku 21. Amebakiwa na sehemu gani ya homoni yake?

4. Watu wawili wa Mpemba wana shingo zilizovimba, na wote wana TSH iliyo juu. Ni kipimo gani kimoja zaidi utakachoomba ili kuwatenganisha, na utamshauri nini kila mmoja juu ya chumvi?